Ubavu Ulionyamaza

Wanangu mnaoanza kazi ya maabara, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia macho yanayoona na mikono isiyotetemeka mpaka siku nilipokabidhi funguo. Mmeniomba niwaandikie juu ya kazi. Nitawaandikia juu ya kimya, maana mengine mtafundishwa na mashine.

Kazi yangu ilikuwa kukata nyama za watu. Nikisema hivi mbele ya wajukuu, mama yao hunikata jicho, lakini ndivyo ilivyokuwa. Daktari akitoa uvimbe, kizazi au figo, kipande kililetwa kwangu ndani ya chupa ya dawa. Nilikitoa maji, nikakizamisha kwenye nta iliyoyeyushwa, nikaiacha igande kuwa kitofali kidogo. Kisha nilikikata kwa mashine, vipande vyembamba kiasi kwamba ukivuta pumzi vibaya vimekwenda. Vipande hivyo hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi, na daktari huvitazama kwa hadubini aseme ni ugonjwa gani. Nilifanya hivyo hapa Tabora, katika chumba chenye dirisha moja, miaka thelathini na kitu.

Dirisha lile ndilo lililonipa somo la kwanza. Mwalimu wangu, Mzee Filipo, alikuwa Mmoraviani aliyeimba nyimbo za kanisani chini kwa chini huku akikata. Alinikataza kulifungua. Siku moja ya joto la Oktoba nikalifungua. Upepo ukaingia, vipande vilivyokuwa vinaelea kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu vikachanganyika. Baada ya siku chache daktari akaniita nichungulie kioo cha mwanamke mmoja. Pembeni yake kulikuwa na kijipande cha tezi dume.

Mzee Filipo hakunigombeza. "Umempelekea mama wa watu mgeni," alisema. "Sasa kaa na hicho kioo mpaka ujue mgeni ni nani."

Ilinichukua siku mbili kumpata. Tangu hapo kila kipande nilikiona kama kina mtu amesimama nyuma yake, hasemi kitu, ananingoja nimalize. Kuna wakati niligeuka kutazama. Msicheke, mtageuka na ninyi.

Nta ya viwandani ililetwa kwa treni, na mara nyingi ilichelewa. Hata ilipofika, kiangazi iliganda ikawa kavu na kukatikakatika. Mzee Filipo aliichanganya na nta ya nyuki kidogo, ikalainika. Aliyetuletea nta hiyo ni Mzee Idi, mrina asali wa kijiji cha Ipole. Alikuja kwa baiskeli, ameifunga nta kwenye gunia kama mikate.

Mzee Idi alikuwa Mnyamwezi. Babu yangu mimi alikuwa Mzaramo, mpagazi aliyekuja na misafara kutoka pwani, akafika hapa miguu imevimba na hakurudi tena. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, utani wa kutembea njia moja na kuzikana njiani. Kwa hiyo salamu zetu zilikuwa matusi.

"Hujafa tu, Mzaramo?"

"Nangoja nikuzike kwanza. Umeleta nta au umeleta njaa?"

"Nimeleta vyote. Njaa yangu utailisha wewe."

Mtani ana kazi yake msibani, wazee wenu wanajua. Yeye ndiye anayeruhusiwa kumtania maiti wakati wengine wanalia. Ubaya wa utani ni mmoja tu, nao niliujua nimechelewa: mtani wako hasikii ukisema jambo la kweli, kwa sababu hajazoea.

Siku moja nilimfuata Mzee Idi porini. Alinipandisha kwenye mti, akaniambia niweke sikio kwenye mzinga wa gome. Ndani kulikuwa na mvumo, mzito, kama watu wengi wanasoma kwa pamoja nyuma ya ukuta. "Mzinga mzima haunyamazi," alisema. "Hata jua liwe kali namna gani. Ukikuta kimya, usifurahi kwamba leo hutaumwa." Akanionyesha mzinga mwingine, mtupu. Ndani yake panya aliingia akafa, na nyuki, kwa kuwa hawakuweza kumtoa, walimpaka gundi yao mwili mzima mpaka akawa jiwe la kahawia lenye masikio. "Walianza kwa nia njema," alisema Mzee Idi. "Lakini wakishaanza kupaka, hawajui kuacha. Wakapaka na masega, wakapaka na mlango. Halafu wakahama."

Mwaka uliofuata Mzee Idi alianza kuumwa ubavu wa kushoto. Maumivu yalimwangusha chini akajikunja kama mtoto. Alipopigwa picha, likaonekana jiwe limekaa kwenye mrija unaotoa mkojo kwenye figo kuupeleka kwenye kibofu. Akaambiwa aende kupasuliwa. Akasema kwanza avune asali.

Mchana mmoja aliingia maabara bila baiskeli. Alikaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mtani," alisema, "ubavu umenyamaza."

"Umenyamaza vipi?"

"Kama mzinga uliohamwa."

Nilicheka. "Hata ugonjwa umekukimbia, Mnyamwezi. Umeonja ukakuta ngozi." Kisha nikasema al-hamdu lillahi, na nilimaanisha kwa moyo wote. Naye alicheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. Aliniambia ameweka nadhiri, kwamba maumivu yakimwondoka atafunga siku saba. Alifunga, katika joto lile, bila tone la maji tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Siku ya saba nilifuturu naye na mimi ndiye niliyeomba dua. Mungu anisamehe. Mtu alikuja kuniambia habari yake kwa lugha iliyo wazi kuliko zote alizokuwa nazo, mimi nikamjibu kiutani na kumfungia safari kwa dua.

Miezi kadhaa baadaye figo ile ilitolewa. Ililetwa kwangu kwenye ndoo. Ilikuwa mfuko wa maji, ukuta wake mwembamba kama ngozi ya ngoma. Nilipokikata kipande na kukitia rangi, sikuona figo. Niliona kovu, nyuzi juu ya nyuzi, na katikati ya nyuzi vijimirija vimebanwa vikiwa vimekauka. Nilimkumbuka panya.

Mzee Idi alituma neno kutoka wodini: kilichobaki azikiwe na mtani wake, kwa heshima, maana ni sehemu ya mwili wake. Niliomba ruhusa, nikapewa pembe ya kiwanja cha hospitali karibu na uzio. Nilichimba saa saba mchana. Udongo wa mji huu watu wengi wameupita, na si wote walioendelea na safari. Shimo lilipofika magotini nilikuta shanga tatu za bluu, za zamani, na chini yake kitu nilichodhani ni mzizi. Ulikuwa mfupa mdogo wa mguu. Niliufukia, nikamwombea mwenyewe ambaye sikumjua, nikasogea hatua mbili, nikachimba upya.

Nilipoiweka figo, nilifanya wajibu wa mtani. Nilisema kwa sauti, "Umemtangulia mwenye nyumba, wewe una haraka ya nini? Haya, lala. Nimeacha nafasi hapa pembeni kwa ajili ya wengine wa ukoo wenu." Hakukuwa na mtu wa kucheka. Ndege walikuwa kimya. Nilisikia mvumo nyuma yangu, mzito, kama ule wa mzinga. Nikageuka, uzio na jua tu. Labda lilikuwa jokofu la maabara. Mpaka leo sijui.

Kitofali kilibaki kwenye droo. Nataka mlielewe hili vizuri: kipande cha figo ya Mzee Idi kilikuwa kimegandishwa ndani ya nta aliyoileta yeye mwenyewe kwa baiskeli.

Mzee Idi aliishi na figo moja miaka mingi, akafa kwa maradhi mengine akiwa mzee. Nilimtania kaburini kama ilivyonipasa. Nami nikastaafu, nikarudi nyumbani kwangu mtaa wa Cheyo kufundisha watoto madrasa.

Mwaka juzi alinijia Daktari Tumaini, binti mdogo mwenye miwani, anayetafiti figo zilizoziba. Alikuwa amepewa ruhusa ya kutumia vitofali vya zamani, lakini kila akivikata vinapasuka. "Babu," alisema, "vitofali vyako vinanigomea."

Nilikwenda naye. Niliweka kitofali juu ya barafu na pamba yenye maji usoni mwake, nikangoja. Hapa ndipo vijana mnashindwa, hamngoji. Kisha nikainama nikakipumulia, pumzi ndefu ya moto, mara mbili, kama mtu anayesafisha miwani. Pumzi huamsha nta. Nilipozungusha gurudumu la mashine, utepe ulitoka mzima.

Chumba kikanukia asali. Nilisoma namba kwenye kitofali. Alikuwa ni yeye.

Daktari Tumaini alikitia rangi ambayo zamani hatukuwa nayo. Rangi hiyo hushika pale tu kwenye kitu fulani kinachotengenezwa na jeni za ishara, na ikishika huwa kahawia. Aliponipisha kwenye hadubini nilirudisha uso nyuma. Kote kulikuwa kahawia. Kulikuwa kama mji ambao kila nyumba imewasha taa na hakuna mtu barabarani.

Alinieleza polepole, nami nawaeleza kama nilivyomwelewa. Ndani ya kila seli mna jeni, maandiko ya mwili. Nyingine kazi yake ni kutoa ishara, seli moja kuiambia jirani yake fanya hivi, acha vile. Mrija ukiziba, mkojo hurudi nyuma, ukuta wa figo unavutika, na seli zilizovutika zinaanza kuita. Seli nyingine zinaitika kwa kusuka nyuzi za kovu ili kushikilia ukuta usipasuke. Hapo ni msaada. Lakini ishara moja huamsha nyingine, na nyuzi nazo zinaita nyuzi.

"Kinachonitisha mimi ni hiki, babu," alisema. "Baadhi ya ishara hizi ndizo zilizoijenga figo tukiwa tumboni mwa mama. Figo ikikamilika, nyingi hutulia. Kuziba kunaziamsha. Zinaamka zikidhani bado zina kazi ya kujenga."

"Zinajenga nini?"

"Ndicho ulichokuwa unakiona kwenye kioo."

Nilikaa chini. Nimemwamini Mola tangu utotoni na sijawahi kuona aibu kusema kwamba yale maneno ya kwanza tuliyoumbwa nayo ni rehema. Lakini siku hiyo nilielewa kwamba rehema iliyoamshwa wakati usio wake inaweza kumjengea mtu kaburi ndani ya ubavu.

"Na jiwe likitolewa?" niliuliza. "Zinanyamaza?"

"Baadhi. Nyingine zinaendelea kuita mlango ukiwa umeshafunguliwa. Kwa nini, bado tunatafuta. Tunalojua ni kwamba ukichelewa, zinazoendelea ni nyingi zaidi."

"Na maumivu? Mbona yaliondoka?"

"Maumivu ya mwanzo ni ya mvutano wa ghafla. Figo ikishalegea au ikipunguza kutengeneza mkojo, yanaweza kuondoka kabisa. Nje kimya, babu. Ndani ndiyo kelele hii."

Haukupita mwezi. Nilikuwa barazani baada ya adhuhuri, akaja Nyamizi, binti wa Mzee Idi, anayerina kule kule kwa baba yake. Nilijua kwamba tangu masika alikuwa akiumwa ubavu wa kushoto, na kwamba picha ilionyesha jiwe. Nilijua pia kwamba figo yake ya kulia ilidumaa tangu utotoni, na madaktari walimwambia maisha yake yako juu ya hiyo ya kushoto. Ikifa hiyo, ni mashine ya kusafisha damu, na mashine iko mbali na Ipole.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Umekonda. Nyuki wamekula asali yao na wewe pia?"

"Leo sikukuletea ugonjwa, nimekuletea asali." Aliweka dumu miguuni pangu, anatabasamu. "Wiki ya tatu hii. Ubavu umenyamaza."

Watoto wangu wa madrasa walikuwa wanasoma kwa pamoja nyuma ya ukuta. Naapa wakati ule ule waliacha, labda mwalimu wao msaidizi aliwaashiria. Kukawa kimya mtaa mzima.

"Simama," nilimwambia. "Twende hospitali."

"Umeanza, Mzaramo. Unataka nife ule pilau?"

"Sitanii, Nyamizi."

"Mtani anayetania husema hivyo hivyo." Alicheka mpaka akashika ubavu, ule ule. "Mimi keshokutwa nakwenda kuanza nadhiri yangu. Siku saba, kama baba."

Niliona nitakavyompoteza. Miaka yote nimewatania, baba na binti, na sasa sikuwa na sauti nyingine ya kusemea. Nikatafuta ile niliyosomeshwa utotoni.

"Ulipoweka nadhiri, ulisemaje? Niambie neno kwa neno."

"Nilisema nikipona nitafunga siku saba."

"Basi nadhiri haijaanza. Hujapona."

Tabasamu likamtoka. "Nani kakwambia sijapona?"

"Baba yako."

"Baba yangu amekufa. Wewe ndiye uliyemtania kaburini, ukasema tumzike na baiskeli."

"Kuna kidogo kilichobaki," nilisema. "Yuko kwenye droo. Twende ukamsikilize."

Aliinuka akanifuata. Nadhani alidhani nimerukwa na akili, na alikuja ili nisitembee peke yangu.

Daktari Tumaini alimpisha kwenye hadubini. Nyamizi alitazama muda mrefu. "Hii kahawia ni nini?" aliuliza, akaelezwa: hii ni ishara, hizi ni nyuzi, hapa palikuwa na mirija. "Lakini baba alisema haumwi," alisema.

"Hata wewe umesema huumwi," alijibu daktari, taratibu.

Nilimpa kitofali. Alikishika kiganjani mpaka kikapata joto lake, akakipeleka puani. Uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa jina lake katika nyumba tupu.

"Hii nta niliichemsha mimi," alisema. "Kwenye sufuria ya mama. Nilikuwa mdogo." Kisha, bila kututazama: "Panya. Yule wa mzinga wa baba."

"Naam," nilisema.

"Walimpaka mpaka mlangoni." Alirudisha kitofali mkononi mwangu kwa uangalifu, kama kinaweza kuamka. "Nipelekeni kwenye picha. Sasa hivi, kabla sijaogopa."

Figo ilikuwa imejaa maji, lakini ukuta wake ulikuwa bado na unene. Alasiri ile ile walimpitishia mpira mgongoni mpaka ndani ya figo ili mkojo upate njia ya kutokea kwenye mfuko wa nje, wakati jiwe likingojea zamu ya kutolewa. Nilikaa kwenye benchi la korido. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikujua niombe nini. Sikuthubutu kuomba asiumwe. Nikaomba tu niambiwe ukweli na nipewe uvumilivu wa kuusikia.

Daktari Tumaini alitoka akiwa ameshika miwani mkononi. "Mfuko umeanza kujaa," alisema. "Mkojo unatoka. Ila babu, usimwahidi kitu. Tumefungua mlango, hatujui ndani wangapi wameacha kuita."

Siku ya nne simu yangu iliita asubuhi.

"Mtani, ubavu unauma."

"Unauma vipi?"

"Kama kuna nyuki wapya wameingia, wanagombania nafasi."

Nilijua ni kidonda cha mpira. Daktari alikuwa ameshaniambia kitauma. Niliweka simu chini ikiwa bado inaongea, nikaelekea kibla, nikasujudu kushukuru. Al-hamdu lillahi ile ya kwanza, niliyoisema kwenye kiti kile maabara, nimeibeba miaka mingi. Siku hiyo nilipata mahali pa kuitua.

Jiwe lilitolewa. Damu ilipimwa, ikapimwa tena, miezi. Figo haikurudi yote. Sehemu imekwisha kuwa kovu na itabaki kovu. Iliyorudi inamtosha, hajapelekwa kwenye mashine. Kila baada ya miezi kadhaa anakwenda kuangaliwa kama ndani kuna wanaoendelea kuita. Madaktari walipomruhusu, alifunga siku zake saba, moja moja, katika miezi ya baridi, na kila magharibi nilimtuma mjukuu kuhakikisha amekunywa maji ya kutosha.

Wanangu, mgonjwa akiwaambia amenyamaza ndani, msimshangilie. Muulizeni amenyamaza vipi, kisha msikilize jibu lake kwa lugha yake mwenyewe.

Mwezi uliopita Nyamizi alinipeleka kwenye ile pembe ya uzio. Alitaka aone figo ya baba yake ilipolala. Nilimwonyesha. Akatazama kipande cha udongo kilicho wazi pembeni yake.

"Na hapa?"

Nilimwambia nilichokisema siku ile, kwamba nimeacha nafasi kwa wengine wa ukoo wao. Nilidhani atakasirika.

"Basi ikae wazi," alisema. "Na wewe usiichimbe kwa mazoea, Mzaramo."

Tulisimama hapo kidogo. Jua lilikuwa utosini. Nilitega sikio nisikie kama ule mvumo upo, naye akatega la kwake.